Pale Malkia Anapolia

Katonga,
Kigoma.
Jumapili, 21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Feliksi,

Naanza na marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia hata kama umenuna.

U hali gani huko Kanada? Wifi yangu Riziki hajambo? Na Elida mdogo, kile kifua kimepona au bado anakohoa asubuhi? Mwambie mama yake amfunike vizuri kifuani, asiangalie tu kwamba ndani ya nyumba kuna joto. Mtoto anabeba baridi ya nje anakuja nayo ndani. Nikimwona kwenye picha na yale makoti yenu makubwa huwa nacheka, maana pua ya marehemu mama yetu, wajina wake, imechomoza peke yake, vingine vyote ni koti.

Sisi wa huku miili ni mizima. Shemeji yako Leonardi anasumbuliwa na goti asubuhi, likipata jua linatulia. Mimi naendelea na cherehani yangu pale Mwanga, ingawa tangu msiba nakosea kazi. Juzi nilimshonea mama wa watu mkono wa gauni upande wa nje ukawa ndani. Akauangalia, akaniangalia, akasema pole, akaniachia nifumue.

Ziwa limefungwa tangu Mei, hakuna kuvua mpaka katikati ya Agosti, wanasema samaki wazaliane. Mwalo wa mitumbwi umekuwa kama shule wakati wa likizo. Wanaume wanashona nyavu na kubishana mpira kutwa nzima, na ukipita hapo jioni unasikia maji tu. Kwa sababu hiyo siku ya kumzika baba hakuna mwanamume wa Katonga aliyekosekana, isipokuwa mmoja, naye vibali vyake nimeelezwa nikaelewa. Simlaumu kwa hilo.

Ujumbe wako niliupata. Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Uliandika, “Dada, nimeangalia video. Mbona mlikatisha wimbo katikati? Baba mwenyewe aliagiza uimbwe wote. Mmemzika na kosa lile lile.” Sikukujibu. Ulipopiga simu nikampa Leonardi akakwambia niko jikoni. Sikuwa jikoni. Nilikuwa nyuma ya mlango na kitenge mdomoni, nasikia sauti yako ikiuliza kama nimekasirika.

Sasa nakujibu, na nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ningelia, wewe ungesema haloo, haloo, na salio lingeisha. Baba naye alikuwa na msemo wake kwamba neno zito liandikwe. Basi kaa chini usome polepole, kama yupo mgeni mwache aende kwanza.

Jinsi Wimbo wa Mfalme ulivyofika Katonga unajua, lakini unajua kama alivyotusimulia baba. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, acha nikusimulie kama ulivyokuwa.

Baba alisikia redioni kwamba mfalme mmoja wa Ulaya amefariki, na kwamba kesho yake ibada ya mazishi itatangazwa yote, pamoja na nyimbo zake. Hakumjua mfalme huyo kwa sura wala nchi yake haikumhusu. Alichotaka ni kwaya. Mwaka ule alikuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kwaya ya kigango, na kwaya ilikuwa na wimbo mmoja tu wa mazishi, ambao nadhani hata marehemu walishauchoka.

Bahati mbaya kesho yake alitakiwa kambi ya uvuvi, na mwenye mtumbwi hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa kwa ajili ya nyimbo. Kazi ikamwangukia mama. Baba aliazima redio kaseti ya katekista, akaiweka mezani itazamane na ile redio yetu kubwa, akamwonyesha mama vitufe viwili vya kubonyeza kwa pamoja. Akamwonya mtu yeyote asipige kelele. Mimi nilipelekwa kwa bibi kule Rusimbi ili nisiharibu, maana nilikuwa na mdomo tangu zamani. Wewe ulikuwa unajifunza kutembea kwa kushika viti, ukabaki na mama.

Aliporudi, baba alisikiliza kanda ile akasahau kula. Unaukumbuka wimbo wenyewe. Wanaume wanaanza chini, wanawake wanapokea, wanapanda pamoja, wanapanda tena, na pale wanapofika juu unasikia kishindo kidogo na ghafla kimya. Ni kimya kirefu. Ndani yake kuna mikwaruzo, na ukitega sikio kuna mtu analia kwa mbali, kilio cha kubana pua. Kisha kwaya inarudi ikiwa imeshuka, wanaimba taratibu mpaka mwisho. Kuna na jogoo anawika mahali fulani. Baba alikubali kwamba jogoo ni wa Katonga, lakini mengine yote aliyahesabu kuwa ya Ulaya.

Alituambia kile kishindo ni kinara cha mishumaa kilichoangushwa na mtu mwenye majonzi. Ile mikwaruzo ni waombolezaji wanapiga magoti. Na anayelia ni malkia, anamlilia mume wake, na kwaya yote imenyamaza kumpisha. Alisema hao ndio watu wanaojua kuimba, kwa sababu wanajua kumwachia mwenzao nafasi ya kulia.

Basi akakaa na kanda ile akinyofoa sauti moja moja kwa do re mi. Maneno ya kwao hakuna aliyeyaelewa, akatunga ya Kiswahili. Kile kimya nacho akakifundisha kama anavyofundisha sauti, mkono wake juu, macho ya kwaya chini, mtu asikohoe. Alikuwa anakifanyia mazoezi kuliko hata wimbo. Watoto tulikuwa tunakicheza uani, mmoja anakuwa malkia.

Ulipoimbwa mara ya kwanza ni kwenye mazishi ya mzee Martini, fundi mitumbwi. Kwaya iliponyamaza, kitinda mimba wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, hakujua kama ni sehemu ya wimbo. Akaona kimya kimezidi, akamwita baba yake kwa jina lake lote, kwa sauti. Kwaya ikarudi. Watu wakadhani imepangwa hivyo. Aliyefuata kufiwa akafanya vile vile, na aliyefuata, ikawa ndiyo desturi yetu. Wimbo ukifika pale malkia anapolia, watu wanapiga magoti, mtoto wa mwisho wa marehemu anamwita, kwaya inamalizia, ndipo udongo unamwagwa. Hata bibi Mwanaima, yule mnunuzi wa dagaa wa Ujiji, Mwislamu wa watu asiyekosa msiba wa jirani, huwa anasimama pembeni anasubiri pale.

Na wewe ndiye uliyemwita mama pale. Ulikuwa umevaa koti la Leonardi, mikono inakuzidi. Sauti yako ilipasuka kwenye jina la pili, na baba alikuacha mkono wake ukiwa juu mpaka ukamaliza.

Sasa nafika mahali pagumu.

Mwezi wa nne, baba akiwa haondoki tena kitandani, ukatuma ule wimbo kwenye simu yangu. Ulikuwa umeutafuta huko kwenye mitandao mpaka ukaupata, safi kabisa, ibada yenyewe ya mfalme yule yule. Ulitaka kumfurahisha mgonjwa. Nalijua hilo, Feliksi, na nataka ulisome hapa kwamba nalijua, kabla hujasoma yanayofuata.

Ilikuwa mchana. Nilimwekea simu kwenye mto karibu na sikio. Aliposikia wanaume wanaanza, alifungua macho akatabasamu, na vidole vikaanza kupiga mapigo juu ya shuka. Wanawake wakapokea. Alikuwa anawasifu kwa midomo, bila sauti. Walipopanda mara ya pili, akainua mkono, ule mkono wake wa kunyamazisha.

Hawakunyamaza. Walipanda wakapita pale, na kuna sehemu nzima ya wanawake ambayo hatujawahi kuisikia, nzuri sana, siwezi kudanganya. Mkono wa baba ulibaki juu. Akauangalia. Akaushusha polepole akauweka kifuani, akaniomba nirudie. Nikarudia, na safari hii hakuuinua.

“Kumbe waliendelea,” akasema.

Nikauzima wimbo. Akasema tena, “Na malkia halii.”

Nilijaribu kumfariji. Nikamwambia pengine ni mfalme mwingine, pengine siku hizi wamepaimba upya. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyeimba sauti ya jirani yake. Kwenye muziki hukuweza kumdanganya baba, hata akiwa na homa.

Akamwita Dismasi, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya tangu baba aumwe. Akamwambia kwamba kanda ilikuwa mbovu naye akaifanya Injili. Kwamba amewafundisha watu kosa, tena juu ya makaburi ya wazazi wao. Kwamba siku wakimzika yeye wauimbe kama ulivyo, bila kusimama. Dismasi alitoka nje akakaa kwenye gogo la mlangoni, hakuweza hata kunywa chai niliyompa.

Tangu siku ile baba hakuimba tena, wala kupiga mluzi, wala kugonga kidole. Alikuwa akilala ameelekea ukutani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe. Kifo cha mtu mzima mgonjwa tulishakitegemea, tulishakiandalia hata shuka. Lakini yeye aliondoka akiwa na aibu, na mimi ndiye niliyeshika simu.

Na wewe nilikulaumu. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani naongea nawe moyoni, na maneno niliyokuambia hayaandikiki kwenye karatasi ambayo mtoto anaweza kuikuta. Yameisha sasa. Yaliishaje, utaona.

Uliyoyaona kwenye video ni haya. Ile simu tuliyokuwashia ili ufuatilie misa ilikata kwenye somo la kwanza, mtandao wa Katonga unaujua, kwa hiyo hukuona yote, uliona tu vipande alivyorekodi Leonardi. Dismasi alikuwa ameifundisha kwaya ile sehemu mpya, na waliijua. Walikuwa wameazimia kumtii mwalimu wao.

Wimbo ulianza vizuri. Walipokaribia pale, watu wote waliozunguka kaburi wakapiga magoti. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wimbo umebadilika. Mwalo mzima, wazee kwa vijana, wakaweka magoti kwenye udongo kama baba alivyowafundisha. Nadhani kwaya iliona ile migongo. Sauti ya kwanza ikakatika, ya pili ikafuata, wanaume wa sauti nzito wakabaki na neno moja mdomoni wakaliacha. Mkono wa Dismasi ukaendelea kupiga hewani peke yake, kisha nao ukasimama. Hakuna aliyekatisha wimbo, mdogo wangu. Ulisimama wenyewe.

Kikawa kimya, na watu wakasubiri jina. Mwenye kulitaja alikuwa Kanada. Mungu alituacha wawili tu, na mimi ni kifungua mimba, hainihusu, lakini nilifungua mdomo nikasema nikusaidie. Ikatoka pumzi. Tulikaa pale mpaka nikasikia maji ya ziwa. Mwishowe Dismasi akawainua, wakamalizia, wakamwaga udongo.

Tulipokuwa tunanawa mikono, bibi Mwanaima akanishika bega. Hakuwa analaumu, alikuwa analia. Akaniambia, “Angelina mwanangu, Mzee Ignas amewapa watu wote pa kuitwa. Yeye kaenda hajaitwa.”

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nikilala nalo na kuamka nalo.

Siku zile za matanga nikatamani kusikia ile kanda yenyewe, ya zamani, jinsi baba alivyokuwa akiipenda. Ilikuwa kabatini, kwenye kopo la maziwa la mama, pamoja na rozari yake iliyokatika. Lakini redio kaseti ya kuichezea hakuna tena. Nikampelekea Nasri, kijana mwenye kibanda karibu na changu pale Mwanga, anayetoa kanda za zamani za harusi na maulidi akizihamishia kwenye flashi. Anavaa yale makubwa ya masikioni na ukimsemesha hasikii.

Alipofika pale pa kimya nikamwona anakunja uso. Akarudisha. Akasogeza vitu kwenye kompyuta yake, akapunguza ule mvumo wa kanda, akapandisha sauti, akarudisha tena. Kisha akavua yale ya masikioni akanipa. “Mama, hebu vaa,” akasema. “Hapa kuna mtu anaongea.”

Nikavaa, nikamsikia mama.

Sijui nikueleze vipi. Tangu tumzike sijawahi kuisikia sauti ile, maana tulidhani hakuna aliyewahi kuirekodi. Na kumbe miaka yote ilikuwa kabatini kwetu, na kila msiba tumeiinamia vichwa bila kujua.

Kile kishindo si kinara, Feliksi. Ni redio yetu. Imevutwa na mkono wa mtu anayejifunza kutembea, imeanguka, betri zimetoka, mfalme akakatika. Ile redio kaseti ya katekista haina habari, inaendelea kurekodi. Mikwaruzo si ya waombolezaji, ni mama yuko chini anatafuta betri zilizoviringika chini ya meza. Na malkia ni wewe. Ni wewe unalia kwa kubana pua, kwa sababu umeona umeharibu kitu cha baba yako, na mama anakunong’oneza ili kanda isisikie. Halafu betri zinarudi, redio inakoroma kidogo, na kwaya inaendelea kutoka pale ibada ilipokuwa imefika kule Ulaya.

Nilicheka pale kibandani mpaka Nasri akaniletea kiti, na nilipokaa nikalia mpaka akafunga kibanda. Malkia wa Katonga, aliyepigiwa magoti na wazee wetu wote, aliyenyamaziwa na kwaya nzima, kumbe ni kitoto cha Elida kisicho na suruali.

Na mama alijua. Nimelifikiria sana hili. Siku ya kwanza labda aliogopa kumwambia baba kwamba kanda imeharibika. Siku ya pili baba keshaita kwaya, keshasimulia habari za malkia, na mama angeanzia wapi? Akaimba sauti ya pili maisha yake yote, na kila tulipofika pale yeye ndiye aliyeinama kuliko wote, mabega yakimtikisika. Watu walikuwa wakisema Elida ana moyo wa ibada. Alikuwa anabana kicheko, nakuapia. Lakini nadhani baadaye, alipoona wajane wamepata mahali pa kulilia na watoto mahali pa kuita, naye aliacha kuona ni jambo la kuchekwa.

Laiti baba angesikia. Ningeipeleka ile kanda kwa Nasri mwezi wa nne, badala ya kukaa pale kumrudishia ule wimbo safi, angejua kwamba hakukosea sikio. Alisikia mtu analia, na kweli mtu alikuwa analia. Angeinua mkono wake tena. Hilo halina dawa, nimekubali kulibeba, na nakuandikia ili tulibebe wawili.

Nilimwita Dismasi akasikiliza. Akavua kofia. Nikamuuliza tufanyeje kwenye misa ya arobaini, kwa sababu agizo la baba ni agizo. Akairudisha kofia kichwani, akasema, “Mzee aliagiza tuuimbe kama ulivyo. Basi ndivyo ulivyo.” Wameshaanza mazoezi, na kimya kimerudi mahali pake.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na ndilo lililonishikisha kalamu. Jina la baba bado halijaitwa. Mimi siwezi, Dismasi hawezi, ni lako. Misa ya arobaini ni Jumamosi ya tarehe tatu Agosti, na baada yake tutakwenda makaburini. Jirekodi sauti unamwita, jina lake lote, Ignas Wilondja wa Katonga, unitumie mapema, tusije tukategemea mtandao tena. Nasri ameahidi kuja na spika yake mwenyewe, na Dismasi atainua mkono mpaka utakapomaliza.

Najua utaniambia ni kosa. Najua ni kosa, na wewe ndiye uliyelifanya, kwa hiyo usimsemee baba. Na sauti ikipasuka iache ipasuke. Usirekodi mara ya pili.

Barua hii anakuletea Oswald, mtoto wa jirani yetu, anayesafiri keshokutwa kurudi huko. Ndani ya bahasha kuna flashi yenye kanda ile, kama Nasri alivyoisafisha. Ningeweza kukutumia kwenye simu, lakini nakujua, ungeisikiliza kwenye basi ukienda kazini. Nataka uisikilize umekaa. Amebeba na dagaa wa kabla ziwa halijafungwa, ni wachache, mle na ugali msiwatie jibini. Mawese nimeambiwa watamnyang’anya njiani, nimebaki nayo.

Leonardi anakusalimu, anasema simu zako atapokea lakini uongo wa jikoni hatasema tena. Dismasi na kwaya yote wanakusalimu. Bibi Mwanaima anakuombea dua, anataka kujua kama huko kuna samaki wa maana. Nisalimie sana Riziki, na umbusu Elida mdogo kwenye ile pua. Mungu aliyewapokea baba na mama awalinde ugenini, awape riziki ya halali na njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ya kuja kusimama kaburini dakika chache.

Umeona sijakuandikia maneno aliyoyasema mama. Niliyaacha mpaka hapa kwa sababu nilijua nikiyaandika mapema sitaweza kuendelea. Utakapofika pale malkia anapolia, pandisha sauti. Utasikia unavuta makamasi. Halafu utamsikia yeye, karibu kabisa, anakunong’oneza:

“Nyamaza, baba. Nyamaza. Hakuna kitu kimeharibika.”

Dada yako akupendaye siku zote,

Angelina